Sura ya Saba: Chumba Kisicho na Mbu

Kitu cha kwanza alichokiona Kobe katika chumba cha marehemu kilikuwa mende. Alilala chali, miguu juu, kama mtu aliyechoshwa na mambo ya dunia akaamua yaishie hapohapo. Wa pili alikuwa hatua moja mbele yake. Wa tatu alikuwa chini ya dirisha, pamoja na nondo wawili na mjusi aliyekauka hadi akafanana na jani.

Kobe alipiga magoti. Magoti yalilalamika kwa niaba yake.

"Afande, umeangusha kitu?" Sajini aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa mwanamke kijana mwenye daftari jipya na subira ya kizamani, mchanganyiko ambao kituoni kwao haukupatikana kwa urahisi.

"Nahesabu maiti."

"Tulikuja kwa ajili ya mmoja."

"Hawa wengine hakuna aliyewaandika."

Kituoni walimwita Kobe kwa sababu hakuwa na haraka. Wenzake walidai kwamba aliwahi kufika kwenye tukio la wizi na kumkuta mwizi ameshamaliza kifungo. Hakukanusha. Alichosema ni kwamba hajawahi kufika mahali akalazimika kurudi kesho yake kutafuta alichokisahau.

Safari hii, hata hivyo, kesho yenyewe ilikuwa tatizo. Siku kumi na tisa zilizopita mwenye chumba hiki, mpimaji wa maabara ya uchafuzi ambaye mji mzima ulimwita Pua, alishikwa na kifafa alfajiri. Hakuwahi kuwa nacho maishani. Jua lilipochomoza alikuwa ameshakata roho. Damu yake ilikutwa na dawa ya wadudu ya zamani, ile iliyopigwa marufuku kabla Sajini hajazaliwa. Polisi walipopekua jikoni walipata kopo la dawa ya kunguni, na mkuu wa kituo akapiga hesabu zake: dawa na dawa, mke na mume. Mke aliwekwa mahabusu na mtoto wake wa miezi minne kifuani. Kesho saa tatu asubuhi angesomewa shtaka la mauaji, na akishasomewa hakuna dhamana.

Kopo lenyewe lilikuwa bado na lakiri yake ya dukani. Kobe alipomwonyesha mkuu, mkuu alilitazama, akakohoa, akasema, "Basi alinunua mawili." Hoja ya namna hiyo haishindiki. Ndiyo maana mwenye hoja ni mkuu na Kobe ni Kobe.

"Ingia, mzee," Kobe alimwambia mtu aliyesimama nyuma ya Sajini. "Nyumba ni ya mwanao, sisi ndio wageni."

Mzee seremala alivua kofia, akaingia. Ndiye aliyekuwa na ufunguo. Mshtakiwa alikuwa binti yake wa pekee, na marehemu alikuwa mkwe ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakupata sababu ya kumchukia ingawa alitafuta.

"Hapa hamtundiki chandarua?" Kobe aliuliza.

"Mwanzoni walitundika. Baadaye wakakiondoa. Binti yangu alisema chumba hiki kina baraka, baba, hakiingii hata mbu." Mzee alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likakosa pa kukaa. "Mtoto alikuwa analala wazi kabisa. Mke wangu akamwambia, hiyo ni neema ya mzaliwa wa kwanza."

Kobe alitazama pembe za dari. Palikuwa na utando wa buibui, wa zamani, umejaa vumbi. Buibui mwenyewe alikuwa katikati yake, amejikunja kama ngumi. Nje, chini ya mti wa jirani, kunguru walikuwa wakigombana na watoto wakicheka. Humu ndani kila kilichokuja kwa miguu sita au minane kilikuwa kimekomea mahali kilipofika. Na palikuwa na harufu, hafifu, tamu-tamu, kama ya sanduku la nguo za marehemu bibi.

"Huyu Pua si alikuwa ananusa kila kitu?" Sajini alinong'ona. "Hii hakuisikia?"

"Pua husikia harufu za nyumba za wenzake."

Katikati ya chumba kilikuwepo kitanda. Kilikuwa kitanda cha kweli, si hivi vya siku hizi vinavyolia mtu akipumua. Mbao nene, nzito, nyeusi kidogo, kichwani zimechongwa majani. Ubavuni kiliunganishwa kitanda kidogo cha mtoto, ili mama anyooshe mkono tu.

"Kazi yako, mzee?"

"Yangu." Mzee alipitisha kiganja juu ya ubao kama anayempapasa ng'ombe. "Zawadi ya mjukuu. Mbao za namna hii hazipatikani tena. Mimi niliunda, mkwe wangu akapiga msasa. Alijifungia humuhumu wiki nzima na madirisha yamefungwa, asiwamwagie majirani unga wa mbao. Alitoka mweupe kama mwoka mikate. Tulicheka!"

Kobe hakuuliza zaidi. Macho yake yalikuwa yamepanda kwenye kitu kilichoning'inia juu ya kitanda: mabakuli mawili ya chuma yaliyofunikiana, kubwa juu, dogo chini, yameachiana nafasi ya kidole kuzunguka. Kwenye bakuli la juu palibandikwa karatasi yenye namba, na tarehe ya wiki tano zilizopita.

"Hicho ni kifaa cha kazini kwao," mzee alisema. "Mkwe alikitundika mwenyewe. Aliniambia ndani mna sponji, inavuta hewa polepole na kukamata kilichomo. Nikamwambia, mwanangu, kazi unaileta hadi kitandani? Hakucheka. Na yeye alikuwa mtu wa kucheka."

Sajini alivaa glavu, akapanda kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua. Ndani mlikuwa na sponji ya mviringo, nene kama mkate. Ilikuwa nyeupe pee.

Kobe aliitazama sponji. Akatazama dari, ambayo moshi wa jiko la mkaa la chumba cha pili ulikuwa umeipaka rangi ya meno ya mvutaji. Akatazama tena sponji.

"Sajini, nyumba hii ilipikiwa mkaa kifaa kikiwa hapahapa. Ukuta umechafuka, dari imechafuka, buibui amechafuka. Huyu peke yake amekaa kama bibi harusi."

"Amebadilishwa."

"Mzee, baada ya mazishi nani aliingia humu?"

"Tangu siku ya tatu ya msiba nyumba imefungwa. Siku hiyo alikuja rafiki yake, yule mchambuzi wao, msimamizi wa arusi yake. Aliomba kuona kifaa. Akakaa peke yake muda mrefu. Nikadhani analia, nikamwacha." Mzee alivaa kofia, akaivua tena. "Alipotoka macho yalikuwa mekundu kweli."

* * *

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililotazama gati. Mlangoni kulikuwa na onyo: hakuna kuingia na manukato, mafuta ya mwili wala dawa ya mbu. Chini ya onyo alikaa mama mnene mwenye aproni, mwosha vyombo wa maabara, ambaye wote walimwita Mama Chupa.

"Umepaka mafuta kichwani?" alimuuliza Kobe.

"Kichwa chenyewe kimebaki kidogo, mama."

"Kidogo hichohicho kinatosha kuniharibia chupa mia. Vaa kofia hii. Na wewe binti, hizo kucha zako za rangi zibaki mfukoni."

Mchambuzi aliwapokea mezani kwake. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye mikono iliyopauka kwa kunawa. Wenzake walimwita Sifuri, na jina hilo alilivaa kama nishani.

"Kwa nini Sifuri?" Kobe aliuliza, akikaa bila kukaribishwa.

"Kwa sababu ya mashahidi wangu."

"Una mashahidi? Nipe nusu, mimi wangu wamekimbia."

Sifuri alitabasamu kidogo. Alieleza taratibu, kama mwalimu anayelipenda somo. Hewa waliitegea sponji. Bahari waliizamishia utepe wa mpira, ukakaa majini mwezi mzima ukinyonya. Mwili waliuomba maziwa: akina mama wanaonyonyesha walijaza kichupa, kikapewa namba badala ya jina, kwa sababu sumu hizi hupenda mafuta na maziwa ya mama ni mafuta yanayotembea. Na kila safari ya kupima ilikuwa na shahidi. Hiyo ilikuwa sponji safi inayosafiri na wenzake, inafunguliwa dakika moja tu pale mahali, inafungwa, inarudi.

"Haitakiwi kuona kitu," Sifuri alisema. "Ikirudi na uchafu, uchafu huo ni wetu sisi, wa njiani au wa mikononi. Basi tunautoa kwenye hesabu ya wenzake. Mashahidi wangu mimi husoma sifuri."

"Shahidi asiyeona kitu," Kobe alisema. "Hao ninao wengi. Hujawahi kumwita wa kwako ukakuta ameona?"

"Hapana."

Jibu lilitoka upesi mno kwa mtu aliyekuwa akipima kila neno kwa kijiko. Kobe alivuta jalada la bahari lililokuwa mezani. Alipenda michoro, ilikuwa kama barua za wasiojua kusema uongo. Mstari wa utepe wa gati ulikwenda sawasawa mwaka mzima, kama mtu anayetembea uwanjani. Kisha, miezi mitano nyuma, ulipanda mlima.

"Hapa palitokea nini?"

"Mvua za kwanza."

"Mvua zilianguka mji mzima. Mbona utepe wa upande wa pili umetulia?" Kidole cha Kobe kiliteremka polepole kwenye ukurasa. "Juu ya gati hili si ndipo lilipokuwa lile ghala la zamani la dawa za kilimo? Lilibomolewa lini?"

"Miezi mitano na nusu iliyopita." Sifuri aliinuka, akaenda kwenye karai, akafungua maji. "Tulilipima kabla. Hati ipo. Sampuli kumi, zote sifuri. Lilikuwa safi."

"Nani aliisaini?"

"Mimi."

"Kama ghala lilikuwa safi, bwana, bahari ilikunywa nini?"

Maji yalimwagika kwa muda. Sifuri alikuwa akinawa mikono iliyokuwa tayari safi kuliko sahani ya Kobe.

"Bahari hunywa kila kitu," alisema hatimaye.

"Na rafiki yako? Alikunywa nini?"

"Mimi nimepima damu yake. Nimeandika nilichokiona, bila kupunguza. Mengine waulizeni jikoni kwake." Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi siandiki uongo, afande. Haijatokea."

Kobe alimwamini. Hilo ndilo lililomsumbua alipokuwa akishuka ngazi: mtu huyu alikuwa na huzuni ya kweli, na alikuwa akimwacha mwanamke aende kufungwa.

Mama Chupa alikuwa kwenye ngazi ya chini, amekaa juu ya kreti, anapumzisha miguu.

"Mama, sponji safi unaziosha wewe?"

"Naziosha, nazikausha, nazifunga kwenye foili. Nazihesabu kuliko watoto wangu. Nina watoto saba, mmoja sijui yuko wapi, lakini sponji zangu najua zilipo." Aliteremsha sauti. "Mwezi huu nilitoa kumi na mbili. Daftarini zimeandikwa kumi na moja."

"Na ya kumi na mbili?"

"Iliondoka wiki ya msiba. Na bado hujaniuliza kuhusu shahidi wa ghala."

"Nakuuliza sasa."

"Shahidi anarudi mikononi mwangu akiwa mpya, namsafisha, anaondoka tena. Yule wa ghala nilimwosha mara nne, alinuka hadi nikamchoma moto. Sifuri alimsahau ndani ya ghala usiku mzima, kifuniko wazi, pamoja na wenzake. Nikamwambia, huyu ameona mambo. Akanijibu, mama, wewe osha tu." Aliikunja aproni magotini. "Osha tu! Miaka kumi na tisa naosha. Anayeosha ndiye anayejua kilichokuwa kimechafuka."

Sajini aliacha kuandika. "Ina maana..."

"Ina maana shahidi alikuwa mchafu sawa na wale kumi," Kobe alisema. "Kisha wakautoa uchafu wake kwenye uchafu wao. Kumi toa kumi."

"Sifuri," Sajini alisema, na hakuna aliyecheka.

"Kuna jingine," Mama Chupa alisema. "Wiki mbili na nusu kabla hajatangulia, Pua alikaa pale dirishani na orodha ya maziwa. Mama mmoja alikuwa amewapita wenzake mara arobaini. Namba thelathini na moja. Majina hatuyajui, lakini mwandiko kwenye kichupa ni wa mama mwenyewe. Pua alikigeuza, akakigeuza, kama mtu aliyeletewa barua. Kisha akaomba sponji mbili safi, moja ya kutundika na moja ya shahidi, akaenda zake nyumbani. Saa nne asubuhi! Hakuwahi kutoka kazini saa nne."

Kobe alipiga hesabu ya tarehe kichwani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakunja uso. "Wiki mbili na nusu, na siku kumi na tisa. Hiyo ndiyo tarehe ya kwenye bakuli."

* * *

Mahabusu ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye benchi na dirisha la nondo. Mke wa Pua alikuwa akinyonyesha. Alimwamkia Kobe kwa adabu, kama amwamkiavyo mgeni aliyemkuta nyumba haijafagiliwa.

"Wakati tunakukamata," Kobe alisema, "mikono yako ilikuwa inatetemeka hadi ukashindwa kusaini. Mkuu aliandika kwenye jalada kwamba ni dalili ya hatia."

"Ilianza kabla, baba. Miezi miwili kabla. Nilikuwa naangusha vikombe. Mume wangu aliniambia ni uchovu wa uzazi."

"Inyooshe."

Aliinyoosha. Ilitulia kama meza.

"Na mtoto?"

"Alikuwa anashtuka usingizini, anajikunja hivi, macho yanageuka. Hapa ameacha." Alisita, kama anayeona aibu kukisifu chumba kile. "Hapa analala vizuri kuliko nyumbani. Kuna mbu, lakini analala."

Nje, kwenye korido, Kobe alisimama.

"Miaka ishirini na saba kazini, Sajini. Nimeona watu wakikonda mahabusu, nimeona wakiugua, mmoja aliota mvi kwa wiki. Sijawahi kuona mtu akipona."

"Tumwambie mkuu usiku huu?"

"Tumwambie nini? Kwamba mwanamke ni mzima? Atasema anaigiza. Hati inasema ghala lilikuwa safi, na aliyeandika hati haandiki uongo." Alianza kutembea. "Kesho saa moja asubuhi, chumbani. Mwite Sifuri aje achukue kifaa chake rasmi, na saini. Mzee atufungulie. Na wewe tafuta shuka na mto mdogo."

* * *

Saa moja na dakika tano. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia dirishani na kuwafikia mende palepale walipolala jana. Kobe alikuwa ameviondoa viti vyote vya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, kiganja chake kimetulia juu ya ubao.

"Karibu ukae," alimwambia Sifuri.

"Nimezoea kusimama."

"Kaa, bwana. Maandishi ni marefu."

"Nitasimama." Sifuri alikuwa karibu na mlango, mkoba wake mkononi. Macho yake hayakuwa kwenye mabakuli ya chuma. Yalikuwa kwenye kiganja cha Kobe. "Na wewe, afande, ungesimama. Kwa... kwa ajili ya mgongo wako."

"Mgongo wangu unakushukuru." Kobe hakuondoka. Alifungua karatasi polepole sana, akatafuta miwani, akaikuta, akaifuta, akaivaa, akagundua kwamba ameivaa kinyume. Mzee seremala aliguna kwa kukosa subira. Saa ya ukutani ilisema saa moja na robo.

Hapo Sajini akaingia kutoka uani na kifurushi kifuani, kimeviringishwa shuka ya njano. Alikuwa akikitikisa taratibu.

"Amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yake kaniruhusu nimlete kwa babu kabla ya mahakama. Nimlaze kwenye kitanda chake?"

"Mlaze," Kobe alisema. "Ni chake."

Sajini aliinama juu ya kitanda kidogo. Shuka iligusa ubao.

"Usimlaze hapo!"

Mkoba ulianguka. Sifuri alikuwa amevuka chumba bila mtu kuona alivyovuka. Alikuwa amemshika Sajini mikono, akikivuta kifurushi kifuani kwake kwa nguvu zote, na shuka ikafunguka, na mto mdogo ukadondoka sakafuni kati ya nondo wawili.

Sifuri aliutazama mto.

"Kwa nini asilazwe hapo?" Kobe aliuliza, kwa upole.

"Mnajua kwa nini."

"Mimi najua. Hakimu hajui. Mzee huyu hajui."

Sifuri alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mbali na kitanda. Alipozungumza aliangalia mikono yake.

"Nilimsahau shahidi ndani ya ghala. Asubuhi nikamkuta wazi. Ilinipasa kurudia zote kumi, lakini wabomoaji walikuwa wameshafika, wanapiga honi. Nikasema shahidi ni shahidi, nikamtoa kwenye hesabu. Ikatoka sifuri, mfululizo, safi, mpaka nikafurahi. Nikasaini." "Mbao za ghala, zilizonyonya dawa miaka yote, zikatolewa bure kwa anayetaka. Sikujua zilikokwenda. Naapa sikujua. Siku ya msiba niliingia humu kumlilia, nikaona kitanda. Nikasikia harufu. Nikaona sponji yake imeshakuwa ya njano. Alikuwa ameshaanza kunitafuta, afande. Bila kujua ni mimi."

"Ukambadilishia."

"Ndiyo. Siku ya tatu nilirudi na nyingine safi mkobani."

"Ile ya kweli uliitupa wapi?"

Sifuri aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika. "Kuitupa? Sampuli haitupwi. Iko kwenye friza, rafu ya chini, ndani ya foili. Nimeiandika tarehe. Nimeandika na jina lake."

"Hukumuua rafiki yako. Ni mbao zile, na unga wake aliouvuta alipopiga msasa," Kobe alisema. "Ulikosea hesabu. Mtu hukosea. Lakini siku kumi na sita mkewe yuko ndani, na wewe unakuja kazini unanawa mikono. Hiyo si hesabu." Aliinuka kitandani. "Sajini, mchukue, mpite kwa Mama Chupa, foili ile isifunguliwe, mwende moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka. Mnayo saa moja na nusu. Njiani atakueleza tena kila kitu, na wewe utaandika kila kitu. Mkuu akisema alinunua makopo mawili, mpe kiti."

Walipotoka, chumba kilibaki na watu wawili. Mzee seremala alikuwa amesogea hadi kwenye kitanda, na mkono wake ulikuwa unaning'inia juu ya majani aliyoyachonga, bila kuyagusa.

"Nilizichagua mwenyewe," alisema. "Kijana wa trekta pale ghalani aliniambia, mzee chukua hizi nyepesi. Nikamwambia sitaki takataka, ni ya mjukuu wangu."

Kuna nyakati ambapo pole ni neno dogo kama kifungo cha shati. Alimshika mzee kiwiko, akamwongoza mlangoni, akafunga, akazungusha ufunguo mara mbili. Nyuma yao mabakuli ya chuma yaliendelea kuning'inia.

Ndipo swali likamjia, akiwa barazani. Lilikuja taratibu, kama yeye mwenyewe.

"Mzee. Mbao zilibaki?"

"Zilibaki."

"Uliziweka wapi?"

"Sikuziweka." Mzee alikuwa akiigeuza kofia vidoleni, duara baada ya duara. "Watu walikiona kitanda wakakipenda. Nimetengeneza vinne vingine. Vidogo. Vya watoto."

"Vinne viko wapi?"

"Mtaa huuhuu. Cha mwisho nilikipeleka jana jioni, nilipotoka kukufungulia. Mtoto ana siku tisa." Kofia ilisimama. "Nyumba ya pili kutoka kisimani."

Majirani wa mtaa ule walisimulia kwa miaka kwamba asubuhi hiyo walimwona afande mnene, ameshika kofia ya polisi mkononi na miwani imevaliwa kinyume, akipita mbio katikati ya barabara kuelekea kisimani. Kituoni waliposikia walikataa kuamini. Walisema labda alikuwa mtu mwingine.